Peter Forsskål

Peter Forsskål (huandikwa pia Forskål au Forsskåhl, 11 Januari 1732 – 11 Julai 1763) alikuwa mtaalamu wa mimea na wanyama, mwanafalsafa na mjuzi wa lugha za Mashariki kutoka Uswidi. Alizaliwa Helsinki, ambao leo ni mji mkuu wa Ufini lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Ndiyo sababu Waswidi na Wafini wote humhesabu kuwa mtu wao.

Anakumbukwa kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakutani katika maisha ya mtu mmoja. La kwanza ni kijitabu kifupi cha mwaka 1759 kilichodai uhuru wa raia na uhuru wa kuandika, kikapigwa marufuku siku ileile kilipotoka. La pili ni kazi yake juu ya viumbe wa Bahari ya Shamu, hasa samaki. Ndiye aliyewaingiza katika elimu ya wanyama samaki wengi ambao wavuvi wa Yemeni, Omani na pwani ya Afrika ya Mashariki wanawajua tangu zamani, akiwemo kitatange mkubwa wa buluu mwenye doa la manjano ubavuni, *Pomacanthus maculosus*. Alifariki akiwa na umri wa miaka 31, kabla hajatoa kitabu chochote kuhusu samaki hao.

Utoto na masomo

Baba yake, Johannes Forsskål, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1741 familia ilihamia Uppland, nchini Uswidi, baba alipopewa usharika huko. Mwaka uliofuata Peter aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Uppsala akiwa na umri wa miaka kumi tu. Msomaji wa leo asishangae mno: zama zile watoto wa wachungaji waliandikishwa mapema, kisha wakaendelea kufundishwa nyumbani. Alirudi chuoni kusoma kwa dhati mwaka 1751.

Uppsala ya miaka hiyo ilikuwa mji wa Carl Linnaeus, profesa aliyekuwa akiupanga ulimwengu wote wa viumbe kwa majina mawili ya Kilatini, jina la jenasi na jina la spishi, kama tunavyofanya hadi leo. Forsskål alihudhuria mafundisho yake, lakini alisoma pia teolojia na lugha za Mashariki kwa Carl Aurivillius. Mwaka 1753 alikwenda Göttingen, Ujerumani, akasoma kwa Johann David Michaelis, mtaalamu wa Biblia na lugha za Kisemiti. Huko ndiko alikotoa tasnifu yake mwaka 1756, ambayo iliwashambulia wafuasi wa mwanafalsafa Christian Wolff wakati fikra zao zilipokuwa zikitawala vyuo vya Ujerumani. Kijana wa miaka 24 kuwapinga wakubwa wa fani katika nchi ya ugenini lilikuwa jambo la kuthubutu. Tabia hiyo hakuiacha.

Kijitabu cha uhuru

Aliporudi Uppsala aliandika kwa Kilatini tasnifu juu ya uhuru wa raia, na kitivo cha falsafa kikaikataa. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliiandika upya kwa Kiswidi, lugha ambayo hata mkulima aliyejua kusoma angeielewa, akampelekea mchapaji Lars Salvius mjini Stockholm. Kijitabu kiliitwa *Tankar om borgerliga friheten*, yaani Mawazo juu ya uhuru wa raia. Kina aya 21 fupi zenye namba.

Hoja yake ya msingi ni kwamba baada ya uhai wenyewe, mwanadamu hana kitu cha thamani kuliko uhuru. Na kwamba katika nchi iliyokwisha kujitawala, anayeuhatarisha uhuru huo mara nyingi si adui wa nje bali raia wenzetu waliojipatia nguvu, mali au cheo kuliko wengine. Kinga aliyoipendekeza ni serikali yenye mipaka pamoja na ruhusa pana ya kuandika na kuchapa. Kama watu wanaweza kueleza malalamiko yao kwa maandishi, alisema, hawana haja ya kuyaeleza kwa silaha. Aligusa pia mambo ya kila siku: vyama vya mafundi vilivyozuia vijana kujiajiri, upendeleo wa makabaila katika vyeo, na elimu ambayo maskini hawakuifikia.

Wakati huo kila kitabu Uswidi kilipaswa kupita kwa mkaguzi wa serikali. Mkaguzi, Niclas von Oelreich, alikata na kubadilisha sehemu kadhaa, kisha akaruhusu. Kilichapwa tarehe 23 Novemba 1759, nakala 500. Siku ileile serikali ilikipiga marufuku na kuamuru nakala zote zikusanywe. Amri hiyo ilimfikia mkuu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, ambaye mwaka huo alikuwa Linnaeus mwenyewe. Mwalimu akalazimika kusaka maandishi ya mwanafunzi wake mjini. Zilipatikana nakala 79. Nyingine zilibaki mikononi mwa wasomaji, na haielekei kwamba Linnaeus alizitafuta kwa bidii kubwa.

Forsskål alionywa rasmi, akajibu kwa kujitetea badala ya kuomba radhi. Baada ya hapo haikuwa rahisi kwake kutazamia kazi nzuri nchini mwake. Miaka saba baadaye, mwaka 1766, bunge la Uswidi lilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji, ya kwanza ya aina yake duniani. Aliyeipigania zaidi bungeni alikuwa Anders Chydenius, mchungaji aliyetoka Ufini vilevile. Forsskål alikuwa ameshazikwa Yemeni kwa miaka mitatu.

Safari ya Arabuni

Wakati huo Michaelis, mwalimu wake wa Göttingen, alikuwa amelishawishi baraza la mfalme Frederik V wa Denmark litume wataalamu Arabuni. Lengo la mwanzo lilikuwa kuieleza Biblia: mimea, wanyama, desturi na maneno yanayotajwa humo huenda bado yangeonekana katika nchi za Waarabu. Mpango ulipanuka ukawa msafara wa kisayansi kamili. Michaelis alimpendekeza Forsskål kwa upande wa viumbe, kwa kuwa alikuwa amefundishwa na Linnaeus na pia alijua Kiarabu.

Forsskål hakukubali bila masharti. Alidai cheo cha profesa, malipo sawa na wenzake, na kwamba asiwekwe chini ya mwingine. Akakubaliwa, na msafara ukaondoka bila kiongozi mmoja, jambo lililoleta matatizo baadaye.

Walikuwa watu sita. Frederik Christian von Haven, Mdenmark, alishughulikia lugha na maandishi ya kale. Carsten Niebuhr, mtoto wa mkulima kutoka kaskazini mwa Ujerumani, alikuwa mpimaji na mchora ramani. Christian Carl Cramer alikuwa daktari, Georg Wilhelm Baurenfeind wa Nuremberg alikuwa mchoraji, na Lars Berggren, askari wa zamani kutoka Uswidi, alikuwa mtumishi wao. Mfalme aliwapa maagizo yenye vifungu 43. Mojawapo liliwataka wawe na adabu kwa wenyeji na wasiidharau dini ya Kiislamu, jambo ambalo wasafiri wengi wa Ulaya wa karne ile hawakulizingatia.

Waliondoka Copenhagen tarehe 4 Januari 1761 kwa manowari ya mfalme iitwayo Grønland. Dhoruba za majira ya baridi ziliirudisha meli zaidi ya mara moja. Von Haven alichoka na bahari akashuka, akaenda kwa njia ya nchi kavu hadi Marseille. Forsskål alibaki melini akichota maji kwa ndoo na kuchunguza yavuyavu na viumbe wengine wanaoelea, ambao wataalamu wengi waliwapuuza kwa kuwa huharibika mara tu wakitolewa majini. Meli ilipotia nanga Marseille, aliutumia muda huo kuorodhesha mimea ya vilima vya Estaque karibu na mji.

Kutoka hapo walipita Malta, Smyrna na Konstantinopoli. Huko Konstantinopoli wenzake waligundua kwamba von Haven alikuwa amenunua sumu ya aseniki kwa wingi. Forsskål na von Haven walikuwa wameshagombana vikali, na wengine wakaogopa kuuawa, wakamwandikia balozi wa Denmark. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu siku hiyo msafara ulikwenda kwa mashaka.

Misri

Walifika Aleksandria mwishoni mwa Septemba 1761, wakakaa Misri karibu mwaka mzima, muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Forsskål ndiye aliyefaidika zaidi. Alivaa kama mwenyeji, akazungumza Kiarabu cha mitaani, na akatoka mara kwa mara nje ya Kairo kutafuta mimea. Aliwahi kuvamiwa na kuporwa njiani, akarudi na kuendelea na kazi. Aliandika jina la kila mmea kwa Kiarabu kama wenyeji walivyolitamka, pamoja na matumizi yake. Mazoea hayo aliyahamishia kwa samaki alipofika baharini.

Mwezi Agosti 1762 walikwenda Suez. Niebuhr na von Haven waliondoka kuelekea mlima Sinai. Forsskål alibaki bandarini. Mfereji haukuwepo bado. Kati ya Bahari ya Shamu na Mediteranea palikuwa na jangwa tupu, na samaki wa upande mmoja hawakuwa na njia ya kwenda upande wa pili. Kwa hiyo maelezo yake ya Suez ni ushahidi wa hali ya bahari hiyo zaidi ya miaka mia moja kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1869, na wanabiolojia wa bahari bado wanayarejea.

Bahari ya Shamu

Mwezi Oktoba 1762 walipanda jahazi lililobeba mahujaji kuelekea Jeddah. Walikaa Jeddah wiki kadhaa wakisubiri chombo, na hapo Forsskål alieleza samaki wa fedha mwenye mkia uliopasuka ambaye leo anaitwa *Chanos chanos*. Huyu ni mwatiko, anayefugwa katika mabwawa ya maji chumvi kwenye pwani za Tanzania na Kenya.

Walishuka Luhayya, bandari ndogo ya kaskazini mwa Yemeni, tarehe 29 Desemba 1762. Hapo walipata siku njema kuliko zote za safari. Mtawala wa mji, Amiri Farhan, alikuwa Mwafrika aliyeletwa Arabuni utotoni kama mtumwa, akalelewa na kupanda hadi kupewa uongozi wa mji. Aliwapokea kwa ukarimu, akawapa nyumba, na watu wake wakafurahia kuona vyombo vya wageni. Forsskål aliwaonyesha chawa chini ya hadubini. Mtu mmoja alipomwona mdudu amekuwa mkubwa namna ile alisema hakuna chawa wa Kiarabu wa kiasi hicho, na kwamba huyo lazima awe wa Ulaya.

Pwani ya Luhayya ina maji ya kina kifupi na miamba ya matumbawe. Forsskål hakuwa na mtumbwi wake wala kifaa cha kupiga mbizi. Alifanya kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili anayetaka kujua samaki: alikwenda kwa wavuvi. Aliwatazama samaki wakiwa wabichi, kabla rangi hazijafifia, akahesabu miiba ya mapezi na magamba, akaandika rangi, akauliza jina. Kwa kuwa pombe ya kuhifadhia ilikuwa haba na mitungi ilivunjika, alitumia njia aliyoizoea kwenye mimea. Aliwapasua samaki kwa urefu, akaikausha ngozi ya ubavu mmoja pamoja na mapezi, akaibandika juu ya karatasi kama jani.

Majina aliyoyachukua kutoka kwa wavuvi hao yamebaki katika sayansi. *Lethrinus harak* na *Lethrinus mahsena* ni machangu. *Harak* na *mahsena* ni maneno aliyoyasikia ufukweni. Vivyo hivyo *bohar* katika *Lutjanus bohar*, *louti* katika *Variola louti* ambaye ni wa jamii ya chewa, *sohal* katika *Acanthurus sohal*, na *harid* katika *Hipposcarus harid* wa jamii ya pono. Jenasi *Abudefduf* inaanza na neno abu, ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Kabla yake majina mengi ya kisayansi yalitungwa kwa Kilatini na Kiyunani. Forsskål aliona kwamba samaki aliyekwisha kuwa na jina haitaji kupewa jingine.

Vitatange aliowaeleza

Miongoni mwa samaki wa Yemeni walikuwemo wawili wa familia ambayo leo huitwa Pomacanthidae. Pwani yetu huwaita vitatange, pamoja na jamaa zao wadogo wa familia Chaetodontidae. Wafugaji wa samaki wa mapambo huwaita samaki-malaika. Forsskål aliwaweka wote katika jenasi *Chaetodon*, kama Linnaeus alivyofundisha. Baadaye wataalamu waliwatenga wale wenye mwiba mkubwa kwenye pembe ya kifuniko cha matamvua, wakawapa jenasi *Pomacanthus*. Mwanafunzi anayeona jina lake likiandikwa *Pomacanthus maculosus* (Forsskål, 1775) ayatazame mabano hayo. Si pambo. Yanamaanisha kwamba aliyeeleza spishi aliiweka katika jenasi nyingine, na ikahamishwa baadaye. Kosa la kuyaacha mabano huonekana hata katika vitabu vizuri.

*Pomacanthus maculosus* hufikia urefu wa sentimita 50. Mzima ana mwili wa buluu iliyochanganyika na kijivu au zambarau, madoa meusi upande wa shingo, na bato la manjano katikati ya ubavu. Umbo la bato hutofautiana kati ya samaki na samaki. Kwa wengine hufanana na ramani ya Afrika, na watu wengi wa akwario humjua kwa ramani hiyo. Mdogo hafanani naye kabisa. Huwa wa buluu nzito mwenye mistari myembamba meupe na ya buluu hafifu, na hubadilika polepole anapokua. Spishi ya pili, *Pomacanthus asfur*, ni ndogo zaidi, nyeusi kwa buluu, ina bato la manjano lililosimama na mkia wa manjano. Hata hili la *asfur* ni jina la Kiarabu.

*P. maculosus* anaishi Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Ghuba ya Omani na kusini hadi pwani ya Afrika ya Mashariki, penye miamba ya matumbawe na hata sehemu zenye tope. Hula sifongo na viumbe wengine laini walioshika kwenye mwamba. Anaishi muda mrefu: katika Ghuba ya Uajemi wamepimwa samaki wa spishi hii wenye umri wa zaidi ya miaka 30, yaani karibu sawa na umri wote alioishi Forsskål. Ghuba hiyo hupoa sana wakati wa baridi na kupata joto kali wakati wa kiangazi, na samaki aliyezoea mabadiliko hayo huvumilia maisha ya tangi la kioo kuliko ndugu zake wengi. Anahitaji tangi kubwa sana, ni mkali kwa samaki wengine hasa wa jamii yake, na huchokonoa matumbawe. Ni mmoja wa vitatange wakubwa wa kwanza kuzalishwa kwa wingi na wafugaji, hasa nchini Taiwan, na hilo limepunguza haja ya kuwavua wadogo baharini kwa biashara ya mapambo. Upande mwingine, wamewahi kuonekana kwenye miamba ya Florida, Marekani, mbali na kwao, kwa sababu wenye matangi waliwatupa baharini walipowazidi ukubwa.

Milima ya Yemeni

Februari 1763 msafara ulihamia Bayt al-Faqih, mji wa soko la kahawa. Kutoka huko Forsskål alipanda milima ya mashamba ya buni, akaona jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda kutoka pwani yenye joto hadi kwenye baridi. Alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuandika juu ya uhusiano kati ya mimea na mahali inapoota, wazo ambalo lilikuja kuwa fani kamili katika karne iliyofuata.

Huko Yemeni aliueleza mti ambao watu walitafuna majani yake, waliouita *qat*, akautengea jenasi *Catha*. Ni mmea uleule unaoitwa miraa nchini Kenya na mirungi nchini Tanzania, na jina lake la kisayansi, *Catha edulis*, bado lina kifupi cha jina lake miongoni mwa majina ya waliouainisha. Aliupata pia mti wa zeri ya Maka, ambao Linnaeus aliutamani kwa miaka mingi kwa kuwa unatajwa na waandishi wa kale. Alimwandikia mwalimu wake kumjulisha. Ilikuwa miongoni mwa barua zake za mwisho.

Mokha na Yarim

Mwezi Aprili walifika Mokha. Hapa mambo yaliharibika. Maofisa wa forodha walisisitiza kufungua kila kitu, pamoja na mitungi ya samaki waliohifadhiwa kwa pombe. Harufu ya samaki waliooza ikichanganyika na ya pombe kali ilijaza nyumba ya forodha. Palikuwa na nyoka pia ndani ya mitungi, na uvumi ukaenea kwamba wageni wameleta sumu ya kuwaua Waislamu. Vitu vyao vilitupwa nje kupitia dirishani. Baada ya siku kadhaa, zawadi na fedha, suala lilitulizwa, lakini sehemu ya makusanyo ilikuwa imepotea. Kwa kweli ni vigumu kuwalaumu maofisa: mtu yeyote anayefunguliwa mtungi wa samaki wa miezi minne katika joto la Mokha ana haki ya kukasirika.

Homa ilikuwa imeshawaingia. Inaaminika ilikuwa malaria, ugonjwa ambao wakati ule chanzo chake hakikujulikana, na wasafiri waliulaumu hewa na baridi ya usiku. Von Haven alifariki Mokha tarehe 25 Mei 1763. Waliobaki waliondoka Juni kuelekea Taizz, kisha wakaelekea Sanaa. Njiani Forsskål, ambaye ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, aliugua. Walipovuka milima alikuwa hawezi kukaa wima, wakamfunga juu ya ngamia. Walifika mji wa Yarim mwanzoni mwa Julai. Alifariki huko asubuhi ya tarehe 11 Julai 1763, wakamzika usiku. Baadaye wenzake walipata habari kwamba kaburi lilifukuliwa na watu waliodhani wageni huzikwa na hazina.

Mchoraji Baurenfeind na mtumishi Berggren walifariki mwishoni mwa Agosti wakiwa baharini kuelekea Uhindi. Daktari Cramer alifariki Bombay mwezi Februari 1764. Niebuhr alibaki peke yake. Alirudi kwa nchi kavu kupitia Omani, Uajemi, Iraki na Shamu, akifuata mavazi na vyakula vya wenyeji, na aliingia Copenhagen mwezi Novemba 1767.

Vitabu vilivyotoka baada ya kifo

Niebuhr hakuwa mtaalamu wa viumbe. Hata hivyo alihesabu kuwa ni wajibu wake kutoa kazi ya rafiki yake. Mfalme aliyewatuma alikuwa amefariki, hamu ya serikali ilikuwa imepungua, na sehemu ya gharama aliibeba mwenyewe. Karatasi za Forsskål zilikuwa vipande vipande, zimeandikwa haraka kwa Kilatini, na nyingine hazikukamilika. Mwaka 1775 vilitoka vitabu viwili mjini Copenhagen: *Descriptiones animalium*, juu ya wanyama, na *Flora Aegyptiaco-Arabica*, juu ya mimea. Mwaka 1776 kilifuata *Icones rerum naturalium*, chenye michoro ya Baurenfeind. Kwa sababu hiyo tarehe ya kisayansi ya samaki wake wote ni 1775, miaka kumi na miwili baada ya kifo chake.

Makusanyo yenyewe hayakutunzwa vizuri. Sanduku nyingi zilifika Copenhagen zikiwa zimeharibika au zikakaa bila kushughulikiwa. Mimea iliyonusurika ilichunguzwa upya na Martin Vahl, mwanafunzi mwingine wa Linnaeus, kuanzia miaka ya 1790. Kwa upande wa samaki, ngozi zilizobandikwa kwenye karatasi ndizo zilizodumu kuliko zile za kwenye mitungi. Takriban mia moja zipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya wanyama la Copenhagen. Wataalamu wanaotaka kuhakikisha spishi fulani ya Bahari ya Shamu huenda kuzitazama, pezi kwa pezi.

Linnaeus alimkumbuka kwa namna yake. Mwaka 1764 alitoa jina *Forsskaolea tenacissima* kwa mmea wa nchi kavu wenye vinyweleo vinavyong'ang'ania nguo na mikono ya anayeugusa. Neno *tenacissima* lina maana ya kung'ang'ania kupita kiasi. Waliomfahamu Forsskål hawakuhitaji maelezo zaidi.

Shajara yake ya safari, aliyoiandika kwa Kiswidi, ilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu. Ilichapwa Uppsala mwaka 1950. Na kijitabu cha 1759 kimechapwa tena mara nyingi na kutafsiriwa katika lugha mbalimbali, safari hii pamoja na maneno ambayo mkaguzi alikuwa ameyakata.